Je, wajua kwa nini tuta la mchanga linauandama mji wa filamu huko Tunisia?

Magari ya jangwani yanayotoka Tozeur, kusini-magharibi mwa Tunisia, huenda kwa msafara, kwani moja likizama mchangani sharti liwepo la kulivuta. Wengi waliomo ni mashabiki wa filamu za Star Wars, waliokuja kuona kwa macho yao mahali walipopajua kwenye skrini tangu utotoni. Hupita Ong Jemel, yaani Shingo ya Ngamia, jabali lililopewa jina kwa umbo lake, kisha hutokeza Mos Espa: majengo kama 20 yaliyojengwa mwaka 1997 kwa ajili ya filamu iliyotoka 1999. Kwa mbali utaapa ni mji wa udongo wa miaka mingi. Gonga ukuta kwa kidole, utausikia uwazi: ni mbao, wavu wa waya na plasta juu yake.

Mji huu wa plasta umekwisha kufikiwa na tuta kubwa la mchanga. Limefikaje, na wakati lilipokuwa likionekana kwa mbali hapakuwa na aliyelihofia?

Wengi hudhani ni kazi ya dhoruba. Dhoruba ilikuja kweli, mwaka huohuo wa 1997 wakati wa kupiga picha, ikavunja sehemu ya seti, yaani majengo hayo ya filamu, ikabidi mafundi wajenge upya haraka. Lakini tuta haliji kwa kishindo. Linatembea.

Tuta la aina hii huitwa barkani, nalo lina umbo la mwezi mwandamo, pembe zake mbili zikielekea kule upepo unakokwenda. Upande wa goshini, kama mabaharia wa pwani wanavyouita upande upepo unakotoka, una mteremko mpole. Upepo huichukua chembe ya mchanga, ikaruka sentimita chache, ikatua. Inapotua hugonga nyingine, nazo zikaruka. Hivyo mchanga hupanda mteremko kwa kurukaruka hadi kileleni. Ukivuka kilele unaingia upande wa demani, ambako upepo hauufikii. Hapo chembe hurundikana mpaka mwinamo ufike nyuzi 34 hivi. Ukizidi hapo mchanga haushikani tena, unaporomoka. Nyuma panalika, mbele panaongezeka, na tuta zima limesogea bila kupoteza umbo lake. Matuta madogo huenda mbio kuliko makubwa, kwa sababu upepo uleule unakuwa na mchanga mchache wa kuhamisha.

Linalonivutia zaidi ni jinsi mwendo wake ulivyojulikana. Kupima tuta ni kazi ngumu, maana jangwani kila kitu kinahama na huna pa kuanzia kuhesabu. Ralph Lorenz, mwanasayansi anayechunguza hata matuta ya Titan, mwezi wa sayari ya Zohali, pamoja na wenzake, waliona kwamba nyumba za Mos Espa hazihami. Wakachukua picha za setilaiti za miaka mbalimbali, wakapima umbali kati ya tuta na kuta. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2013 yalikuwa karibu mita 15 kwa mwaka, yaani sentimita 4 kwa siku, upana wa vidole viwili. Seti iliyojengwa kwa ajili ya hadithi ikawa rula ya sayansi.

Baadaye mitambo ililetwa kuuchota mchanga, lakini upepo haujakoma, na hiyo ni kuchelewesha tu. Tuta likiachwa litapita juu ya nyumba na kuziacha nyuma yake. Jengo la mawe lingeweza kustahimili; plasta iliyoshikwa na waya, chini ya uzito ule, haina nguvu hizo.

Tuta la aina hiihii tunalo Tanzania, karibu na Bonde la Olduvai ndani ya Ngorongoro. Lile ni jeusi, limetokana na majivu ya volkano ya Ol Doinyo Lengai, nalo huhama mita kadhaa kila mwaka peke yake katikati ya uwanda wa nyasi. Hapakuwa na mji wa filamu, basi watu wakasimika alama zenye miaka, na mgeni anaweza kutembea kwa miguu kutoka mahali tuta lilipokuwa zamani hadi lilipo leo.

Mkifunga safari ya Mos Espa, msiishie kupiga picha mlangoni. Zungukeni mpaka upande wa demani, siku ya upepo, mkae kimya karibu na mguu wa tuta. Mtauona mchanga ukitoka kileleni kama moshi mwembamba, kisha kipande kinaachia na kuteleza taratibu hadi chini. Acheni nyayo zenu hapo, mkale chakula cha mchana, mrudi kuzitafuta.