Kijana mwenye usonji akifiwa na mzazi: yasemwayo msibani na yaliyo kweli

"Huyu hana uchungu, hata chozi hajatoa"

Hili husemwa mapema kuliko mengine yote, na mara nyingi mwenyewe anasikia. Hapa Kigoma, kuanzia Ujiji hadi Kibirizi, msiba wetu una sura inayojulikana: turubai, mikeka, sufuria za wali, na kilio kinachoanza upya kila akiwasili mgeni. Anayelia huonekana amefiwa kweli. Kijana wa miaka kumi na mitano aliyejificha nyuma ya nyumba, akipanga vizibo vya soda kwa rangi au akitaja vituo vya treni, Uvinza, Kaliua, Urambo, Tabora, huambiwa ana roho ngumu.

Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo. Hauondoi upendo wala uchungu. Ila wengi wenye usonji hupata taabu kutambua na kutaja kile wanachohisi, na huzuni ikikosa maneno hutafuta mlango mwingine: usingizi unakatika, chakula alichokipenda anakisusa, tumbo linauma bila ugonjwa, kurudiarudia kwake kunazidi, au anaacha kuoga mwenyewe ilhali alishajua. Wengine hucheka. Kicheko hicho ni cha mtu aliyezidiwa, si cha dharau.

Na vile vizibo? Mwaka 1999 Margaret Stroebe na Henk Schut, watafiti wa huzuni, walieleza kwamba aliyefiwa huingia kwenye uchungu, akatoka kidogo kushika mambo mengine, akarudi tena. Sisi watu wazima hufanya hivyo kwa kupika, kuhesabu michango na kupiga soga za usiku wa matanga. Sioni kwa nini kijana anyimwe vizibo vyake. Mpeni chumba kisicho na udi wala kelele, na mtu mmoja anayemzoea akae karibu bila kumsemesha sana. Na wageni waombwe wasimkumbatie kwa ghafla.

"Mwambieni baba amesafiri"

Kauli hii hutoka kwenye huruma, nayo ndiyo inayoleta madhara makubwa. Lugha yetu ya msibani imejaa stara: ametutoka, amelala, ametangulia, tumempumzisha, Mungu amempenda zaidi. Wengi wenye usonji huchukua neno kama lilivyo. Aliyelala huamka. Aliyesafiri hurudi, na Kigoma tuna treni na meli za kurudi nazo. Mtoto wa mvuvi akiambiwa baba yuko safarini ataenda mwaloni asubuhi kungoja mitumbwi, na kesho yake vilevile. Mwingine ataogopa kulala, kwa kuwa baba alilala akafukiwa.

Sema "amekufa". Kisha eleza maana yake: moyo umesimama, hapumui, hasikii baridi wala njaa, hataamka. Taja sababu kwa kifupi, na umhakikishie kwamba si yeye aliyeisababisha. Imani ya nyumbani, kuhusu roho na akhera, isemwe pia, lakini baada ya mwili kuelezwa.

Mazishi nayo yaelezwe kabla hayajaanza. Kwa Waislamu huenda yakafanyika siku hiyohiyo, hivyo muda ni mchache: mchoree hatua kwenye karatasi, nani atakuja, mwili utaonekanaje, watu watalia, kaburi litafukiwa, kisha tutarudi nyumbani. Halafu mwulize kama anataka kwenda. Akikubali, awepo wa kuondoka naye akichoka. Akikataa, asiburutwe, na asizuiwe kuzuru kaburi siku nyingine.

"Usilie, sasa wewe ndiye baba wa nyumba"

Tunadhani tunamtia moyo. Yeye anaweza kuanza kukesha akikagua milango, au kuogopa kwamba asipopata fedha ya unga mama atakufa pia. Afadhali apewe kazi ndogo yenye mwisho, kama kugawa maji kwa wageni, na aambiwe kwa jina nani atalipa ada na nani atampeleka shule.

"Anauliza tena na tena, hajaelewa"

Mara nyingi ameelewa. Anahakikisha kama jibu limebadilika. Mjibu kwa maneno yaleyale, hata mara ya ishirini.

"Ni mashetani"

Siyo. Kijana akipiga kelele na kujipiga kichwa chini ya turubai lililojaa watu, amezidiwa na sauti, harufu na mabadiliko. Kumtuhumu kwamba kifo kilitokana naye ni ukatili.

"Arobaini ikishapita, yamekwisha"

Kalenda ya kijana huyu huenda si ya hitima. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kubwa hupumzika. Kwa mtoto wa Kibirizi, mbalamwezi ndiyo baba kuwa nyumbani. Mbalamwezi zikija moja baada ya nyingine bila baba, pigo linaweza kumfikia mwezi wa tatu au wa sita, watu wakiwa wameshasahau, wakamwita mkorofi. Mwalimu aambiwe mapema.

Akisema "nataka kumfuata baba", mwulize waziwazi kama anawaza kufa. Kuuliza hakumpandikizii wazo, na vijana wenye usonji wako kwenye hatari zaidi ya kuwaza kujiua kuliko wenzao. Usimwache peke yake, mpelekeni hospitali. Ushauri hupatikana pia kwa kupiga 116, simu ya kitaifa ya huduma kwa mtoto.

"Shangazi wa Kasulu amchukue, akapate hewa mpya"

Kikao cha ukoo hugawa watoto kabla turubai halijafunguliwa. Kwa kijana huyu, kuhamishwa ni kupoteza kitanda, njia ya shule, sahani yake na rafiki mmoja aliyenaye, wiki ileile aliyompoteza baba. Kama mama yupo eda, yaani miezi minne na siku kumi ya mjane wa Kiislamu kukaa nyumbani, nyumba imeshabadilika vya kutosha. Ikiwezekana, shangazi ndiye aje akae kwao kwa muda. Ikishindikana, kijana aende kwanza kutembea na kurudi, aone chumba atakacholala, ajue tarehe ya kuhama, na aondoke na shuka lake mwenyewe, pamoja na shati la baba ambalo mtu anaweza kuwa ameshaligawa.