Kupima vinasaba vya bakteria kwenye nyanya na viazi, maana yake nini hasa

Mkulima wa nyanya Ilula akiona mche umelala ghafla mchana na majani bado ya kijani, kitu cha kwanza anakimbilia duka la pembejeo anapewa dawa ya fangasi, anapiga wiki hii anarudia wiki ijayo na miche inazidi kulala tu. Mi yalinikuta na iliniuma sana. Kumbe ni mnyauko bakteria, na dawa ya fangasi haimuui huyo mdudu hata umwage pipa zima.

Shida ni kwamba mnyauko wa fangasi na wa bakteria kwa macho unafanana mno. Ndo maana wataalamu wanapima vinasaba, yani wanachukua kipande cha shina, wanatoa DNA iliyomo (ndo hivyo vinasaba vyenyewe), af wanatafuta kile kipande ambacho anacho bakteria huyo peke yake, jina lake Ralstonia. Kipande chenyewe ni kidogo balaa kwahiyo kuna njia ya kukinakili inaitwa PCR, aliibuni Kary Mullis wa Marekani 1983: unapasha mpaka kama nyuzijoto 95 kamba mbili za DNA zinaachana, unapoza, kila upande unajengewa mwenzake, unapasha tena. Kila raundi idadi inakuwa mara mbili, raundi 30 tu kipande kimoja kinaweza kupita bilioni! Kikiongezeka, DNA ya huyo bakteria imo. Ila PCR inanasa hata ya bakteria aliyeshakufa, kwahiyo majibu yasomwe pamoja na hali ya shamba.

Halafu wakisoma mpangilio wa zile herufi za DNA (A, T, G na C, alama za viungo vinavyoijenga) wanajua hadi ukoo wake, maana Ralstonia ana makundi manne, na anayesumbua viazi kwenye baridi yuko kundi la 2 lenye asili ya Amerika. Hapa watu wa Njombe na Uporoto tusikilizane, kwenye baridi kiazi kinaweza kumbeba bila dalili yoyote, ukikiuza kama mbegu kikaenda kupandwa kwenye joto ndo shamba la mwenzako linaanguka. Kipimo kinamnasa kabla hujapakia.

Kama huna maabara karibu, kata shina la mche ulionyauka, lining'inize kwenye glasi ya maji safi, ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka ndani ya dakika chache basi ni bakteria. Ukoo wake hapo hutaujua. Na ukipeleka sampuli kupimwa usipeleke mche uliokauka, chukua unaoanza kunyauka, funga kwenye gazeti, usiweke maji.