Mtoto kawekewa mpira kichwani: miaka ijayo itakuwaje?

Maswali haya ni ya wazazi waliopasuliwa watoto wenye kichwa kikubwa hospitali ya KCMC, Moshi, na sasa wamerudi nyumbani.

Mpira unafanya kazi gani?
Ubongo hutengeneza maji kila siku. Kwa mtu mzima ni kama nusu lita. Yakikosa njia hujaa, na kichwa cha mtoto mchanga hutanuka. Mpira, yaani shanti, hupita chini ya ngozi nyuma ya sikio hadi tumboni, na mwili huyanyonya maji huko.

Basi amepona?
Hapana, mama, na ni haki yako kuambiwa mapema. Mpira unatoa maji tu, chanzo kinabaki. Kwa watoto, karibu nusu ya mipira huharibika ndani ya miaka 2, mara nyingi kwa kuziba. Ukiziba, hujakosea kumlea. Atapasuliwa tena, na wengi hupasuliwa zaidi ya mara moja.

Nitajuaje kuwa umeziba?
Mtoto mchanga utosi wake huvimba hata akiwa ametulia, hutapika, macho huelekea chini. Mkubwa huumwa kichwa, hutapika, husinzia kupita kawaida. Homa nayo usiidharau, hasa miezi 6 ya kwanza, ambapo mpira hushambuliwa zaidi na vijidudu. Linaloniumiza ni hili: mtoto ana homa na anatapika, anapewa dawa ya malaria, siku tatu zinapita. Malaria apimwe, ndiyo, lakini neno la kwanza kwa daktari liwe "ana mpira kichwani". Ukiwa mbali, Rombo au Karatu, usingoje tarehe ya kliniki. Nauli ya dharura iwe imewekwa pembeni tangu leo.

Atasoma?
Wengi husoma. Inategemea chanzo, kama ni homa ya uti wa mgongo au mgongo wazi, na muda ambao ubongo ulibanwa kabla ya upasuaji. Wapo wanaopata kifafa, wasioona vizuri, au wanaosumbuliwa na hesabu. Mwalimu aambiwe: huyu akilalamika kichwa au akisinzia darasani, asichapwe, nyumbani wapigiwe simu.

Chanjo je?
Apate zote.

Hakuna njia isiyo na mpira?
Ipo kwa baadhi yao: daktari huingiza kamera nyembamba na kutoboa tundu dogo ndani ya ubongo, maji yakapata njia. Mbale, Uganda, wameifanya kwa watoto wengi. Tundu nalo huweza kuziba, na dalili ni zilezile.