Kuskauti sio kuiba, na listi haikuwekwa kumzuia mtu kuskauti

Kila yakiisha mashindano ya Magic (mchezo wa kadi, kila mtu anakuja na deki yake, yaani fungu la kadi alizojichagulia) lazima atokee mtu analalamika "jamaa kaniibia deki", ukimuuliza kaibaje anasema eti raundi iliyopita alisimama nyuma ya meza yake akaangalia. Basi. Aliangalia. Huyo hajaiba kitu jamani, huyo kaskauti, na kuskauti kunaruhusiwa, sio kwa kufumbiwa macho, kunaruhusiwa kabisa.

Maana yenyewe ni fupi. Kuskauti ni kukusanya habari za deki ya mtu (au jeshi lake, kwa watu wa Warhammer, mchezo wa kupambanisha majeshi ya sanamu ndogo mezani) kabla hujakutana naye, kwa kuangalia vitu ambavyo viko wazi kwa yeyote anayepita. Listi nayo ni ile karatasi au fomu ya mtandaoni unayomkabidhi mwandaaji kabla ya raundi ya kwanza, umeandika kila kadi utakayochezea: kwa Magic kawaida ni deki isiyopungua kadi 60, na akiba ya kadi za kubadilishia isiyozidi 15. Hapo hamna wa kubisha. Ubishi unaanza pale mtu anapovichanganya hivi viwili akadhani listi inakusanywa ili watu wasijue unacheza nini.

Hapana. Listi inakufunga wewe, haimfumbi macho mwenzako. Isingekuwepo, ungezunguka ukumbini asubuhi ukaona nusu ya watu wamekuja na deki nyekundu za kukimbiza (za kushambulia haraka umalizwe mapema), mchana ukajifanya unaenda kula na ukarudi umebadilisha kadi kumi. Ukishakabidhi listi hilo halipo tena. Raundi ni mechi moja na mpinzani mmoja, anayeshinda gemu mbili ndo kashinda. Gemu ya kwanza ya kila raundi unacheza na deki ile ile uliyoiandika, akiba inaingia gemu ya pili na ya tatu tu, raundi ikiisha unarudisha kila kitu kilivyokuwa. Na wanahakikisha kweli, mnaweza kuwa mmeshachanganya kadi mko tayari kuanza, jaji anatokea, anabeba deki zote mbili anaenda nazo mezani kwake, anazipanga makundi makundi anahesabu moja moja akilinganisha na listi, halafu mnarudishiwa na dakika za nyongeza. Wengi wanaonaswa hapo sio matapeli hata kidogo, ni mtu kasahau kadi ya akiba ndani ya deki tangu raundi iliyopita, na adhabu inaweza kufika kupoteza gemu kabla hujashika kadi hata moja. Inauma, lakini ndo kazi ya listi hiyo.

Sasa kama deki imeshafungwa, aliyekuskauti anapata nini? Kidogo tu, ila sio bure. Tuseme umevuta kadi zako 7 za kuanzia, una ardhi 3 (kadi za kulipia gharama za nyingine), kiumbe kimoja kizuri (kadi ya kushambulia na kujilinda), kadi ya kuvuta kadi, na Fatal Push 2. Fatal Push kazi yake ni kuua viumbe vya bei rahisi, kawaida vya gharama 2 kushuka chini. Kwa mtu asiyejua lolote huo mkono ni mzuri, unaanza nao. Lakini kama ulimuona jamaa raundi iliyopita akicheza deki ya kuzuia na kusubiri, isiyo na kiumbe hadi mwisho kabisa wa mchezo, zile Fatal Push 2 ni karatasi tu mkononi, kwa hiyo unarudisha mkono wote, unavuta 7 nyingine na kushusha moja chini ya deki (ndo utaratibu tangu 2019). Faida ya kuskauti kwa sehemu kubwa inaishia hapo, kwenye uamuzi mmoja wa gemu ya kwanza. Ikifika gemu ya pili kila mmoja keshamjua mwenzake.

Kinachonikera hasa ni pale neno hilo hilo linapotumika kwa mambo ambayo kweli ni makosa. Rafiki yako amesimama pembeni, mechi inaendelea, anakunong'oneza "huyo ana kadi ya kufuta meza nzima, usimwage viumbe vyote". Watu wanaita hiyo nayo kuskauti. Huo ni msaada wa nje, na kwenye mashindano ya ushindani adhabu yake ni kupoteza mechi nzima, na kama huyo rafiki naye ni mchezaji wa mashindano hayo hayo basi naye inamkuta. Habari inaweza kuwa ile ile neno kwa neno! Angekwambia dakika tano kabla hamjakaa mezani, hamna kosa. Mechi ikishaanza kichwa chako kinabaki peke yake.

Na ndo maana hata daftari lina masharti yake. Wakati wa mechi unaruhusiwa kuandika, ila karatasi lazima ianze ikiwa tupu. Yale uliyoandika ukizunguka kwenye meza za watu unaweza kuyapitia kidogo katikati ya gemu na gemu, kisha unayaondoa mezani kabla hamjaendelea. Kufungua ukurasa wa "meza ya 14, deki ya bluu na nyeupe" huku gemu inaendelea ni kosa, hata kama ulivyoipata habari hiyo ni halali tupu.

Halafu kuna wale wanaochungulia kadi za mpinzani wakati wanamchanganyia deki, au wanaopinda shingo waone mkononi. Hao wanatafuta kilichofichwa, na kwa makusudi ni udanganyifu unaokutoa mashindanoni. Kuskauti ni kama kocha kukaa jukwaani kutazama mechi ya timu atakayokutana nayo wiki ijayo, hakuna aliyewahi kumuitia polisi kwa hilo.

Malalamiko yenye mantiki yapo, na nashangaa ndo yanayosemwa kwa uchache zaidi. Mtu aliyekuja na wenzake kumi ana jozi kumi za macho ukumbini, wewe uliyekuja peke yako ukimaliza raundi yako umechelewa, meza nyingi zimeshafungwa. Hapo kuskauti kunageuka mali ya wenye timu kubwa. Jibu la baadhi ya waandaaji halikuwa kupiga marufuku kuangalia, maana utamzuiaje mtu kupita ukumbini, jibu lilikuwa kufungua listi, yaani mkikaa tu kila mmoja anapewa listi ya mwenzake. Ukiisoma wewe yake, akiisoma yeye yako, mambo sawa. Mimi binafsi naipenda hiyo, ingawa najua kuna watu wana kadi moja ya ajabu waliyoificha kwa ajili ya siku hiyo na wanasikia kama wamevuliwa nguo.

Upande wa Warhammer 40,000 huu ubishi unaonekana hata hauna maana. Jeshi ni la pointi 2,000, listi unaipandisha mapema kwenye programu kama Best Coast Pairings, zikifunguliwa kila anayetaka anazisoma, na mezani mpinzani akikuuliza kikosi hiki kinafanya nini unamjibu ukweli. Kwenye mashindano ya timu ndo kabisa, World Team Championship (mashindano ya dunia ya timu za mataifa) timu ni ya watu 8, na kabla hawajasafiri wanakuwa wameshakaa na listi za mataifa mengine wakajaza jedwali: huyu wetu dhidi ya yule wao kijani, dhidi ya huyu njano, dhidi ya yule mwekundu usimguse. Kisha kapteni anamtoa mtu wake wa kwanza, wapinzani wanaleta wawili, anachagua mmoja wa kupambana naye. Ujuzi wote uko kwenye kusoma listi za watu, na hamna anayesema kaibiwa.

Kwa hiyo safari ijayo ukisema "kaniskauti" tutakuelewa na tutakupa pole. Ukitaka mtu asikae nyuma yako wakati unacheza, sheria za Magic zinakuruhusu kuomba aondoke, ila omba kupitia jaji, usimfokee mwenyewe. Akiulizia kwenye foleni ya chakula unacheza deki gani, hulazimiki kujibu. Na kama ni yule wa kunong'ona, au wa daftari wazi katikati ya gemu, nyoosha mkono muite jaji pale pale kadi zikiwa mezani, usisubiri ufungwe ndo uje kuandika umeibiwa.