Funika picha, kisha sikiliza

Mtoto wa miaka sita aliketi kando yangu akicheza gemu ya kusoma kwenye kishikwambi. Neno "kiti" lilitokea juu, pembeni yake picha ndogo ya kiti, na chini picha kubwa tatu: kiti, samaki, nyumba. Akagusa kiti. Nyota zikamwagika, wimbo ukapigwa. Neno la pili likaenda vivyo hivyo, na la tatu. "Unaona, mwalimu, anasoma," mama yake akaniambia kwa furaha. Nikachana kipande cha karatasi nikaifunika ile picha ndogo. Kidole cha mtoto kikabaki hewani. Akainua ncha ya karatasi, akachungulia, akagusa jibu sahihi, akacheka.

Kosa si lake. Gemu ilimlipa nyota kwa kulinganisha picha na picha, naye akafanya kazi aliyolipwa.

Kazi yangu ni usomaji wa awali, na mara nyingi wazazi na walimu huniletea programu wakiuliza kama zinafaa. Rangi na vikaragosi naviacha mwisho. Kwanza natazama hivi: ili apate nyota, mtoto analazimika kufanya nini? Kama anaweza kushinda bila kusikia sauti na kuiunganisha na herufi yake, gemu hiyo inafundisha kitu kingine.

Halafu nafumba macho nasikiliza. Sauti ya m ni mmm, midomo ikiwa imefumbwa. Si "em", wala si "ma". Gemu ikimwambia mtoto kwamba s ni "es", akija kuiunganisha na a atapata "esa", na hapo ataamini kwamba yeye ndiye hajui. Sauti kama m, n, s, f, l na z zinavutika, unaweza kuzishikilia kadiri pumzi inavyoruhusu. Sauti za p, t, k, b na d hazivutiki: hupasuka mara moja zikaisha, na anayerekodi akitaka zisikike vizuri huzibandika irabu bila kujua. Kwa hiyo napenda gemu inayoanza na zile zinazovutika, na hizi za kupasuka ikazifundisha zikiwa tayari ndani ya silabi: ba, be, bi, bo, bu.

Kuna gemu moja iliyonifurahisha sana kwa jambo hili. Konokono anatoka kwenye s kwenda kwenye a, na mtoto anamkokota kwa kidole. Kidole kikiwa juu ya s, sauti ya s inaendelea. Kikivuka, inaingia a bila kukatika. Sssaaa. Akikokota upesi anasikia "sa". Yaani kile kidole kinachofanya ndicho hasa ulimi unachotakiwa kufanya, na sijaona maelezo yoyote ya mdomo yanayofika haraka kuliko konokono yule.

Kiswahili kina neema yake: irabu 5, kila moja na sauti ileile popote ilipo. Kiingereza kina herufi 26 zinazobeba sauti zipatazo 44, kwa hiyo michezo yake hutumia hatua nyingi kushughulikia sura mbalimbali za herufi a pekee. Ukiuchukua mchezo kama huo ukabadilisha maneno tu, unambebesha mtoto mzigo usio wake, na magumu ya Kiswahili chenyewe unayaruka. Nayo yapo. Ipo ng ya ngoma na ng' ya ng'ombe. Yapo maneno mbu na mbuzi. Yapigie makofi: m-bu, mawili, mbu-zi, mawili pia. Katika mbu, m inasimama peke yake kama silabi na ndiyo inayobeba mkazo. Katika mbuzi imeshikamana na b. Niliwahi kukagua programu iliyoihesabu mbu kuwa silabi moja. Mtoto aliyegonga mara mbili, kwa sikio lake zuri kabisa, akawekewa alama nyekundu. Jambo hilo liliniuma, kwa sababu mtoto wa umri huo haibishii mashine. Huacha kuliamini sikio lake.

Miongoni mwa michezo iliyochunguzwa sana ni GraphoGame, iliyozaliwa katika Chuo Kikuu cha Jyväskylä nchini Finland kutokana na utafiti wa muda mrefu juu ya watoto walio katika hatari ya kupata disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kujifunza kusoma. Kifini nacho huandikwa karibu kama kinavyotamkwa. Mtoto anasikia sauti, kisha anachagua herufi yake kati ya kadhaa. Akiwa anachanganya mbili, programu humrudishia hizohizo. Hapo hakuna pa kuchungulia. Hata hivyo, mapitio ya tafiti zake yaliyochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Reading Research Quarterly yalikuta kwamba, kwa wastani, faida katika kusoma maneno ilikaribia sifuri. Ilijitokeza pale mtu mzima aliposhiriki kwa karibu.

Kushiriki huko mimi nakuelewa hivi: kaa karibu hadi uisikie sauti inayotoka kwenye kifaa, mwache mtoto aitamke kwa kinywa chake, na baada ya dakika 10 au 15 zima skrini muendelee kwa karatasi na kalamu. Andika maneno yasiyo na maana, kwa sababu hayo hayawezi kukisiwa.

Yule mtoto wa karatasi tulimbadilishia gemu. Wiki kadhaa baadaye nilimwandikia "lifo". Akaweka kidole chini ya l, akaivuta, akaingia i, akasita kidogo, kisha akasema, "Lifo." Akageuza karatasi upande wa pili kutafuta picha.

"Lifo ni nini, mwalimu?"

Nikamwambia si kitu chochote. Akalisoma tena, safari hii kwa sauti kubwa.