Mageuko si mageuzi

Juzi, kwenye mashua ya kutoka Mokowe kuja Amu, kijana mmoja aliyepakata kitabu cha biolojia aliniambia: "Mwalimu, kumbe wataalamu wanageuza vijidudu maabara wanavyotaka wao!" Mwezi huu ni mara ya tatu kuyasikia hayo, na wanaoyasema ni watu waliosoma. Ndipo nikaona niandike.

Maana ya jaribio hilo alilolisema kijana ni fupi. Mtafiti huchukua viumbe vinavyozaana upesi, kama bakteria, hamira au nzi wa matunda, akavigawa makundi, akaviweka katika hali anayoijua, kisha akavifuata kizazi baada ya kizazi aone vinarithishana nini kipya. Hilo ndilo jaribio la mageuko.

Tabu iko kwenye neno. Wengi husema "mageuzi ya maabara", na neno hilo limeshabeba jibu la uongo. Nahodha hugeuza tanga, upepo hugeuka. Kaskazi inapokwisha na kusi kuanza kuvuma, twasema upepo umegeuka, wala hatumtafuti baharia aliyeugeuza. Katika -geua na -geuza pana mtenda na mtendwa, na huko ndiko liliko "mageuzi", kama "mapinduzi" yalivyotoka kwenye kupindua na "maamuzi" kwenye kuamua. Ndiyo maana "mageuzi ya katiba" ni Kiswahili safi: kuna watu walioketi wakakata shauri. Kutoka -geuka twapata "mageuko", kama "maporomoko" kutoka kuporomoka. Jambo limetokea lenyewe. Herufi mbili tu, lakini ndizo zinazomwambia msikilizaji kama kuna mkono uliofanya kazi au la.

Sasa tazama jaribio mashuhuri kuliko yote. Mwanabiolojia Richard Lenski alilianza tarehe 24 Februari 1988 huko Irvine, California, kwa makundi 12 ya bakteria wa aina ya E. koli, wote wa asili moja. Kila siku sehemu moja kwa mia ya maji yao hutiwa katika chupa mpya yenye sukari kidogo, kama mama anavyobakisha kijiko cha mtindi wa jana akakitia katika maziwa ya leo. Kinachobaki humwagwa. Bakteria hujigawa mpaka sukari iishe, vizazi sita na ushei kwa siku, kesho tena hivyo hivyo. Kila baada ya vizazi 500, baadhi yao hugandishwa wakiwa hai, hivyo babu aweza kufufuliwa akashindanishwa na kitukuu chake. Kazi hiyo ilihamia Michigan, na tangu 2022 iko Texas, na vizazi vimepita 75,000.

Je, ni nani anayegeuza hapo? Mwenye punda hapa Amu akichagua dume la kupandisha, yeye amechagua kwa macho yake. Katika chupa hizi kinachochota hakichagui. Mtafiti ameweka sukari kidogo na saa ya kuhamisha, basi. Ndani ya maji yale mlikuwa pia na sitreti tangu siku ya kwanza, chakula ambacho E. koli hawawezi kukila penye hewa ya oksijeni. Baada ya vizazi kama 31,000, kundi moja likaanza kukila. Moja, kati ya 12. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2008. Kama ingekuwa kazi ya mtafiti, yale 11 yalimkosea nini? Walipofufua mababu wa kundi hilo kutoka kwenye barafu na kuwaacha waanze upya, uwezo ule ulijirudia kwa wale wa vizazi vya baadaye tu, si kwa wale wa mwanzo. Mabadiliko mengine yalikuwa yamewatangulia kimyakimya, yakafungua njia.

Kuna neno la pili linalokwenda pamoja na kosa hili: "kuzoea". Mtu atakwambia vijidudu "vimezoea" dawa, kana kwamba kila kimoja kilionja sumu, kikavumilia, kikajifunza. Wanasayansi Salvador Luria na Max Delbrück walilipima hilo mwaka 1943 kwa bakteria na virusi vinavyowaua. Wangekuwa wanajifunza baada ya kukutana na virusi, kila mrija ungetoa manusura wa idadi inayokaribiana. Lakini mirija mingine haikutoa hata mmoja, na mingine ikatoa mamia. Wenye kinga walikuwa wameshazaliwa kabla ya virusi kufika, na mrija ambamo walizaliwa mapema ndimo wajukuu walimojaa.

Kwa hiyo ukienda duka la dawa pale Malindi ukasikia mtu akisema, "Mwili wangu umeshazoea antibiotiki hii," usimkatize mbele za watu. Akimaliza, mwambie kwa upole kwamba mwili wake haukuzoea kitu. Vijidudu vyenye usugu ndivyo vilivyobaki vikazaana, na vile vilivyokuwa vikifa kwa dawa hiyo vimeshakufa. Vimegeuka, ndugu yangu.