Sonona na kucheua mawazo: mbona kichwa kinahukumu vibaya?

Kwani kuwaza sana si ndo kutafuta suluhisho?
Ingekuwa hivyo ungeshalipata jamani. Anayetafuta suluhisho anajiuliza "sasa nafanyaje", anayecheua anajiuliza "kwa nini mimi tu", mpaka saa nane usiku, kama ng'ombe na majani yaleyale. Mwanasaikolojia Susan Nolen-Hoeksema alishawapima wanafunzi kabla ya tetemeko la California la 1989 (bahati tu, hakuna aliyejua litakuja) akawapima tena baadaye, wenye tabia ya kucheua tangu mwanzo ndo waliozidiwa na huzuni, hata wiki 7 zilipopita.

Hukumu inapindaje?
Umemtumia rafiki meseji, tiki zimegeuka bluu, kimya. Siku ukiwa fresh unasema yuko bize. Ukiwa na sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito, unasema kanichoka, alafu unaanza kuchimba: juzi hakucheka, mwezi uliopita alikata simu harakaharaka... Hizo kumbukumbu ni za upande mmoja, sababu ubongo wenye huzuni unaokota ya huzuni kirahisi, zile mara zote alizokujibu hapohapo wala hazikujii. Na ukizunguka na wazo hilo mara kumi unaona una uhakika kabisa, kumbe shahidi ni yuleyule mmoja umemwita mara kumi!

Mbona nasikia wenye sonona ndo wanaona ukweli?
Hiyo ilitoka kwa wanasaikolojia Alloy na Abramson, 1979. Watu walibonyeza kitufe wakaulizwa kinaongoza taa kiasi gani, wenye dalili za sonona hawakujidanganya, wengine walijipa uwezo ambao hawana. Ila majaribio ya baadaye hayakukubaliana, na mi naona taa ni taa, haihusiani na kujiona hufai.

Sasa nifanyeje?
Kujiambia "acha kuwaza" hakusaidii, yanarudi na ndugu zao. Badili swali, toka kwenye "kwa nini" uende "nini hasa kimetokea, na hatua ndogo ya kwanza ni ipi". Andika mashtaka, alafu andika na utetezi, kwa mkono. Inuka ufanye kitu. Maamuzi makubwa kama kuacha kazi au kuachana na mtu yasubiri, hasa ya usiku. Hali ikifika wiki 2 karibu kila siku muone daktari au mshauri, tiba ya mazungumzo inayofanyia kazi mawazo ipo na inasaidia wengi. Ukiona unawaza kujidhuru usingoje hizo wiki, mwambie mtu leo na uende hospitali.